Fijoa Si Kahawa

Saa tatu na dakika kumi na saba asubuhi, siku tatu kabla ya Krismasi, simu yangu iliita nikiwa kwenye foleni ya kliniki mjini Moshi, upande wa Mawenzi. Mama alikuwa kando yangu kwenye kiti cha magurudumu. Aliyepiga ni jirani yetu wa Machame, mwanamke ambaye shamba lake limetenganishwa na letu kwa mfongo, yaani mfereji wa maji ya kumwagilia. Hakunisalimu.

"Dada, huko kwenu kuna msumeno unalia. Umeuza miti?"

"Miti gani?"

"Hiyo mipera yako isiyoiva. Mmoja umeshalala chini. Wa pili huo, sikiliza."

Aliinyoosha simu kuelekea kwetu, nikasikia mashine ikipandisha sauti, ikishuka, ikipandisha tena. Muda huo wa saa tatu na dakika kumi na saba sikuukadiria. Simu iliuandika.

"Nani anakata?"

"Fundi simjui. Anayemwonyesha pa kukata ni mangi wenu wa Dar. Amevaa kaptula."

Mangi alikuwa mtawala wetu wa zamani. Siku hizi ni jina la utani kwa Mchaga yeyote mwenye fedha au mwenye sura ya kuwa nazo. Jirani alimaanisha mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wetu, aliyefika jana yake jioni.

Nikamwomba avuke mfongo akamzuie. "Mimi?" akasema. "Niingie kwenye kihamba cha watu nimkataze mwenye nyumba kukata? Atanikata mimi."

Nikampigia mdogo wangu mara sita, hakupokea. Namba yetu kwenye foleni ilikuwa thelathini na moja, na aliyekuwa ndani kwa daktari alikuwa kumi na tisa. Mama alipatwa na kiharusi miaka tisa iliyopita, na dawa zake zilikuwa zimekwisha juzi. Kumwacha pale sikuweza, wala kuipoteza namba. Kwa hiyo nilikaa kwenye benchi nikihesabu watu kumi na wawili, huku nikijua kwamba kila anayetoka kwa daktari, kwetu mti mmoja umelala.

Kihamba ni shamba la nyumbani. Nyumba ipo humo, migomba humo, zizi humo, na makaburi ya wazee humo humo. Kwa mila yetu, kitinda mimba wa kiume ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Wetu hakubaki. Yuko Dar es Salaam zaidi ya miaka ishirini na hurudi kila Desemba, kama wanavyorudi watoto wote wa mlimani, barabara ikajaa magari na mbuzi wakapungua. Kwa siku kumi hizo yeye ndiye mwenye nyumba. Siku zinazobaki za mwaka namwogesha Mama mimi, nakata majani ya ng'ombe mimi, nazibua mfongo mimi. Mama alipougua niliitwa mimi, kwa sababu sikuwa na mume wa kumwomba ruhusa.

Niliishia darasa la saba. Nilitunza stoo mjini kwa miaka kumi na tisa, kazi ya kuandika kilichoingia na kilichotoka, na mazoea hayo hayajanitoka. Mengine nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima na kamusi pembeni.

Fijoa nilizionja mara ya kwanza kwenye bustani ya nyumba moja ya wageni, juu kidogo ya kwetu, mwaka ule ule niliorudi. Mtunza bustani alinipa sita alizoziokota chini ya mti. Kwa nje ni tunda la kijani la ukubwa wa yai, halina mvuto wowote. Ukilikata katikati utaona nyama nyeupe na ute unaong'aa, na harufu yake ni ya nanasi na pera kwa pamoja. Tunda hili lina uhusiano na pera, lakini si pera. Nilikula tano kwa kijiko. La sita nilikwenda nalo nyumbani, nikaosha mbegu zake, ndogo kuliko za nyanya, nikazikausha juu ya gazeti na kuzisia kwenye dumu lililopasuliwa. Siku ya ishirini na nne zilichipua.

Miche kumi na moja iliyokuwa na nguvu niliihamishia kwenye viriba, kisha shambani, mita tatu na nusu kutoka mche hadi mche, kwenye eneo tupu karibu na geti. Kila mche ulipata ndoo mbili za samadi iliyooza na matandazo ya majani makavu ya migomba. Kila mmoja nikaupa namba iliyogongwa kwa msumari kwenye kipande cha bati. Mti wa mbegu haufanani na ndugu zake, kwa hiyo nilitaka kujua upi mkarimu na upi mchoyo.

Kwa miaka minne miti haikutoa ua hata moja. Jirani aliiita mipera dume. Mdogo wangu, kila Desemba, aliuliza "msitu wako utavunwa lini" na wageni wake wakacheka. Hakuwahi kuimwagilia hata kopo moja la maji. Mwaka wa tano maua yakaja, petali nene, nyeupe nje na zambarau ndani, nyuzi nyekundu zimesimama katikati. Ndege wakazila petali hizo mchana kutwa. Niliwafukuza kwa wiki nzima kabla sijasoma kwamba ndege ndio wanaochavusha, kwamba petali tamu ndiyo ujira wao. Nikaweka manati chini.

"Kwa hiyo sasa unafuga ndege," jirani akasema.

Matunda yalipokomaa nilifanya kosa ambalo nadhani mtu wa nchi isiyo na migomba asingelifanya. Niliyachuma yakiwa magumu nikayavundika. Huku kwetu tunda likigoma kuiva tunalifunika kwa majani makavu ya migomba ndani ya shimo au pipa, na siku ya nne unakuta ndizi za njano. Siku ya nne nilikuta fijoa za kijani. Siku ya saba, za kijani. Siku ya kumi zilikuwa za kijani nje na kahawia ndani, zinanuka pombe. Nilikuwa nasubiri rangi, na fijoa haina rangi ya kukupa. Hubaki kijani hadi mwisho. Ikiiva huachia kikonyo yenyewe na kuanguka, na kazi yako ni kuiokota asubuhi ile ile. Msimu uliofuata nilitandika majani laini chini ya kila mti, nikawa naokota kila alfajiri kabla ya kukamua, na kuandika kila mti umeangusha kilo ngapi. Mwanamke mmoja wa Rau mwenye kibanda cha juisi alizionja, akaagiza nyingine, na kwa misimu mitatu alichukua zote.

Mti namba nne ulizidi yote. Matunda yake yalikuwa makubwa, maganda membamba, na uliangusha kwa wiki sita mfululizo.

Tulifika nyumbani saa saba na nusu. Miti minane ilikuwa chini, namba moja hadi namba nane, kwa sababu hizo ndizo zilizokuwa jirani na geti. Tatu za mwisho zilikuwa zimesimama, na daftari langu linajua kwamba hizo tatu ndizo zenye uchoyo kuliko zote. Majani ya fijoa ni kijani juu na fedha chini, na pale yalikuwa yamelala upande wa fedha. Vitunda vya mwezi mmoja, vya ukubwa wa punje ya njugu, vilikuwa bado vimeshikilia matawi.

"Dada, pole na safari," mdogo wangu akasema. "Mama, shikamoo."

Mama alikuwa anatazama kisiki.

"Umekata kwa nini?" nikamuuliza.

"Tarehe ishirini na sita nina kipaimara cha mtoto. Bosi wangu anakuja. Magari yakae wapi? Nimwambie aache gari barabarani kama muuza nyanya?"

"Magari mangapi?"

"Tisa. Kumi."

"Kwa saa ngapi?"

"Dada, usianze mambo ya daftari."

"Kwa saa ngapi?"

"Tuseme tano."

"Miti hii ina miaka minane."

"Na haina kazi! Jana nimechuma kitunda nikakionja mwenyewe. Kichungu, kigumu kama jiwe."

"Umeonja mtoto wa mwezi mmoja, ukasema hana meno."

Fundi wa msumeno alicheka, kisha akaona uso wangu akajishughulisha na mnyororo wa mashine yake. Mdogo wangu hakucheka. Alisema taratibu, kama mtu anayekujulisha kwamba mvua inanyesha: "Hata hivyo, dada, kihamba ni changu. Mti ulio kwenye ardhi ya mtu ni wa mtu huyo."

Sentensi hiyo ilinichoma kuliko msumeno. Kupanda mti ni kuwekeza miaka. Nyuma ya zizi nilikuwa na miche mingine kumi na minne ya fijoa, yote ya mbegu za namba nne, nikisubiri mvua za masika niihamishie shambani. Kama alilosema ni kweli, nisingekuwa na sababu ya kuchimba hata shimo moja. Ningekuwa kibarua wa kumwandalia maegesho ya magari ya miaka minane ijayo.

Siku ya kipaimara nilipika. Mtoto hakukata mti. Yalikuja magari sita, na bosi hakuja. Mawili kati ya sita yaliachwa barabarani kwa sababu madereva waliogopa visiki.

Siku mbili baadaye tulikuwa na kikao cha ukoo nyumbani kwetu, ambacho hufanyika kila Desemba kabla watu hawajatawanyika. Mwenyekiti ni baba mdogo, mdogo wa marehemu baba yetu. Katibu ni binamu yetu mmoja mwalimu, anayeandika kila neno. Wanawake kwa kawaida huingia na chakula na kutoka na sahani. Mwaka huo niliingia mikono mitupu nikakaa. Nikaomba ajenda moja iongezwe: miti ya fijoa ni ya nani.

Ili hoja zao zieleweke, lazima niseme jambo ambalo hapa kwetu halihitaji kusemwa. Tangu kahawa ilipofika mlimani, kahawa ni ya mwanaume. Mwanamke anaipalilia, anaichuma, anaimenya na kuianika, na mwanaume anapokea malipo. Ndizi ni za mwanamke. Maziwa ya jioni, ya mwanamke. Hakuna aliyeuliza. Fijoa haikuwapo wakati wa kugawana.

Mdogo wangu akasimama. "Pale kwenye geti palikuwa na kahawa ya marehemu baba. Ilikufa, ikang'olewa. Fijoa ni mti wa kudumu kama kahawa, umekaa mahali pa kahawa. Aliyepanda amepanda kwa niaba ya mwenye kahawa."

"Fijoa si kahawa," nikasema. "Kahawa inachumwa mtini, fijoa inaokotwa chini. Kahawa inapelekwa mnadani, fijoa inabebwa kikapuni, kichwani kama mkungu wa ndizi. Nani kati yenu amewahi kuinama kuiokota?"

"Mimi nina parachichi," mjomba mmoja aliyealikwa akasema. "Nayo huanguka. Je, ni ya mke wangu?"

"Nani anaiuza?"

"Yeye."

"Hela anashika nani?"

Vikazuka vicheko, na mjomba akasema tuache mambo ya nyumba yake.

Baba mdogo aligonga meza kwa kifuniko cha chupa. "Swali langu ni moja. Hii fijoa inaleta hela?"

"Inaleta, baba."

"Nzuri?"

"Nzuri."

"Basi ni kahawa."

Wakacheka wote. Nikasubiri wamalize.

"Na ndizi, baba? Siku hizi malori yanazifuata hapa hapa."

"Zikiendelea hivyo," akasema, "nazo zitakuwa kahawa."

Hapo walicheka hadi mmoja akapaliwa na mbege, pombe yetu ya ndizi. Mimi niliandika sentensi hiyo, neno kwa neno. Nimeishi miaka hamsini na moja nikiambiwa kwamba mila ndiyo inayotugawia, na yule mzee, kwa mzaha, alikuwa ametoa kanuni yote hadharani: cha mwanamke ni kile ambacho bado hakijaleta hela.

Nikasema, bila kupaza sauti, kwamba nataka fidia ya miti minane, na nikafungua daftari. Wanaume wakaanza kutazama saa. Baba mdogo hakulitazama daftari. Alimtazama mdogo wangu, akamwonyesha mlango kwa kidevu. Mdogo wangu akatoka. Aliporudi alikuwa ameshika jani la isale.

Isale ni mmea mrefu wa majani membamba tunaoupanda kwenye mipaka na makaburini. Mchaga aliyekukosea akikuletea jani lake kuomba radhi, humkatai. Hata aliyemwaga damu hasukumwi akiwa na isale mkononi. Ukilipokea, shauri limefungwa. Hakuna kudai tena, hakuna fidia. Nililielewa jani lile kabla hajavuka kizingiti. Hakuwa amejuta. Alikuwa ameona kurasa za daftari, na jani halina gharama, limejaa mpakani. Mama alikuwa amekaa dirishani, uso wake umeinama upande, akitazama mkono wangu. Kulikataa isale mbele yake kungekuwa kumwambia kwamba amezaa mtu asiye na ukoo.

"Dada," mdogo wangu akasema, "nisamehe. Yaishe."

Sikunyoosha mkono.

"Unaomba radhi kwa nani?"

"Kwako."

"Kwa kosa gani?"

"Dada, si unajua."

"Katibu anaandika. Kosa gani?"

"La kukata miti."

"Miti ya nani?"

Mdogo wangu alimtazama baba mdogo. Chumba kizima kiliona alipofika. Mtu haombi radhi kwa kukata mti wake mwenyewe. Kama miti ni yake, jani lile ni mchezo, na isale halichezewi. Kama isale ni la kweli, miti si yake.

"Mjibu dada yako," baba mdogo akasema, na sasa hakuwa akicheka.

"Yako."

"Sema yote."

"Miti yako, dada."

"Na mitatu iliyobaki?"

"Yako."

"Na nitakayopanda pale kwenye visiki?"

"Aa, dada! Hiyo hata haijaota!"

"Imeota. Ipo kumi na minne nyuma ya zizi. Nikiipanda, ni ya nani?"

Mkono wake wenye jani ulikuwa umeanza kuchoka kuning'inia hewani. Mjomba wa parachichi akanong'ona, kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Mpe tu, mangi, watu wana njaa."

"Yako," mdogo wangu akasema.

"Andika," baba mdogo akamwambia katibu. "Miti ya fijoa, iliyokatwa, iliyobaki na itakayopandwa getini, ni ya dada yao. Soma." Katibu akasoma. Baba mdogo akanigeukia. "Umepata neno lako. Ukipokea jani, fidia imekwisha. Umeelewa?"

"Nimeelewa, baba."

Nililipokea kwa mkono wa kulia. Mama akavuta pumzi. Mdogo wangu alinikumbatia, na nilikaa wima kama kisiki hadi alipomaliza. Watu wakapiga makofi, mtori ukaletwa, na walioleta ni wanawake. Msamaha nimeutoa kwa sababu mila inautaka. Hasira mila haijaitaja, kwa hiyo ninayo.

Masika yalipoanza nilichimba mashimo kumi na mawili kati ya visiki, na miche miwili iliyozidi nikampa jirani, ambaye bado anaiita mipera. Nakala ya ukurasa wa kikao ninayo, imesainiwa na katibu.

Daftari nalo nililifunga kama ninavyofunga hesabu yoyote. Miti minane iliyokatwa ilinipa, msimu wake wa mwisho, kilo mia mbili na kumi na mbili, na bei ya yule mwanamke wa Rau ni shilingi elfu nne kwa kilo. Miche mipya haitatoa matunda ya maana kabla ya misimu mitano, kwa hiyo nilizidisha kwa tano. Sikuongeza kitu kwa ajili ya miti kukua, wala kwa ajili ya namba nne. Kuni nilizozipata kwenye ile miti nilizithamini kwa shilingi elfu ishirini na nne, nikazitoa, kwa kuwa nilizitumia. Hasara iliyobaki, ambayo sitaidai kwa mtu, ni shilingi milioni nne, laki mbili na elfu kumi na sita.